Arubaini Imekwisha, Mwili Bado: Mama Arudi Vipi Kwenye Mazoezi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, barua nyingi zinazofika kwenye meza ya ukatibu wa kamati ya msikiti wetu ni za mambo yaliyozoeleka: mirathi, ratiba ya darsa, bomba la kutawadhia lililokatika. Miezi michache iliyopita tulipokea moja isiyokuwa na jina la mwandishi, iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kuletwa na akina mama wa darasa la Jumamosi. Mwandishi alieleza kuwa amejifungua mtoto wa pili, ametimiza arubaini, na siku chache baadaye amejiunga na shoga zake wanaokimbia na kuruka kamba kila asubuhi, ili tumbo lirudi. Tangu wiki ile, kila akikohoa, akicheka au akiinuka kutoka kwenye sijida, hutokwa na mkojo kidogo. Swali lake lilikuwa moja tu: udhu wake una hukumu gani? Mwishoni aliongeza kwamba ameacha kuja kusali jamaa kwa ajili ya aibu.

Tulimjibu kwa fikihi. Tuliandika kuwa kinachotoka kwenye njia ya haja hutengua udhu, hivyo ajitoharishe na atawadhe upya. Na kwamba mwenye kutokwa na mkojo mfululizo, usiokatika, ana wepesi wake katika sharia. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini dada mmoja muuguzi wa zahanati, ambaye naye ni mwanafunzi wa darasa hilo, alipolisoma alituuliza: "Mmemfundisha namna ya kusali na tatizo lake. Nani amemwambia kwamba linatibika?"

Hatukuwa na la kusema. Makala haya, tuliyoyaandaa kwa msaada wa muuguzi huyo, ni nusu ya pili ya jibu tulilopaswa kulitoa siku ile.

Kalenda mbili

Kosa la dada yetu ni kosa la wengi, nalo linatokana na kuchanganya kalenda mbili. Ya kwanza ni kalenda ya ibada. Nifasi ni damu inayotoka baada ya uzazi, na hukumu zake zinajulikana: mwanamke haswali wala hafungi mpaka itakapokatika. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, wamesema kwamba kwa kawaida hudumu siku 40, na kwamba ukomo wake ni siku 60. Ikikatika kabla, hata siku ya 20, mama anaoga na anasali. Hangoji arubaini itimie, kama wengi wanavyodhani.

Kalenda ya pili ni ya mwili, nayo haina siku moja ya kumalizika. Damu kukatika ni alama ya tohara. Si hati ya kuthibitisha kwamba misuli imepona, kidonda kimefunga na viungo vimekaza. Anayetoka arubaini Ijumaa akaruka kamba Jumamosi amechukua hukumu ya sala na kuifanya hukumu ya mifupa na nyama.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumlaza mzazi kitandani siku zote 40 asiguse sakafu. Kupumzika ni haki yake. Kulala bila kujongea ni jambo lingine, kwa sababu baada ya uzazi damu huwa nyepesi kuganda ndani ya mishipa ya miguu, na kutembea taratibu ni miongoni mwa kinga zake. Mama anahitaji mapumziko yenye mwendo ndani yake, kisha mwendo unaoongezeka kidogo kidogo.

Yaliyotokea ndani ya mwili

Qur'ani Tukufu, katika Suratu Luqman, imeutaja udhaifu wa mama aliyebeba mimba, na ikalifungamanisha jambo hilo na wajibu wa kuwatendea wema wazazi. Tukiangalia kinachotokea mwilini, tunaona kwa nini udhaifu huo haukupewa nafasi ndogo.

Mara baada ya kujifungua, mji wa mimba huwa na uzito wa takriban kilo moja. Hadi kufikia wiki ya sita huwa umerudi chini ya gramu 100. Kazi kubwa kiasi hicho hufanyika ndani kwa ndani, huku jirani akiona mama "amekaa tu". Misuli miwili inayoshuka mbele ya tumbo, mmoja kulia na mmoja kushoto wa kitovu, huachana ili kumpa mtoto nafasi, na hukaribiana tena kwa wiki na miezi. Viungo vya nyonga vilivyolegezwa na homoni za ujauzito hubaki na ulegevu kwa muda.

Muhimu kuliko yote kwa maudhui yetu ni misuli ya chini ya nyonga. Hii imetandikwa mfano wa kitanda cha kamba, nayo hubeba kibofu cha mkojo, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Imebeba uzito kwa miezi tisa, na kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida imenyooshwa mno, pengine kuchanika. Kila mara mtu anaporuka, anapokimbia au anapobeba mzigo, nguvu hushuka kutoka tumboni na kuiangukia. Kamba zikiwa zimelegea, kitanda hubonyea. Ndipo mkojo unapotoka bila idhini, au mama akahisi uzito ukeni kama kwamba kuna kitu kinashuka.

Hatua za kurudi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri kwamba mwanamke aliyejifungua, asiye na kizuizi cha kitabibu, afikie walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, akianza kwa kidogo na kupanda polepole. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Hiyo ni shabaha ya kufikiwa. Si mahali pa kuanzia. Kwa aliyejifungua salama, njia ya kuifikia inaweza kupangwa hivi.

Siku za mwanzo hadi wiki ya pili: mama atembee ndani ya nyumba, avute pumzi ndefu hadi tumboni, achezeshe vifundo vya miguu akiwa amelala, na aanze kukaza misuli ya chini ya nyonga. Namna yake ni kujikaza kana kwamba anazuia upepo usitoke, na wakati huohuo anazuia mkojo. Ashikilie kwa sekunde chache, aachie kabisa, arudie. Kadiri siku zinavyokwenda alenge kushikilia hadi sekunde 10, mara 10, kwa vipindi vitatu kila siku. Asizuie pumzi, asibane mapaja wala makalio, na asifanye zoezi hili katikati ya kukojoa kama mazoea. Mazoezi ya aina hii yalipata umaarufu kwa Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1948. Hayahitaji uwanja, kifaa wala nguo maalumu, na mama anaweza kuyafanya huku ananyonyesha.

Wiki ya pili hadi ya sita: atembee nje kwa dakika 5 au 10, kisha aongeze hadi 20 au 30 kadiri mwili unavyokubali. Kipimo chake ni damu. Ikiwa imekwisha kupungua, kisha ikazidi tena au ikarudi kuwa nyekundu baada ya matembezi, basi amepita kiasi na apunguze. Ikitoka kwa wingi, aende hospitali mara moja.

Wiki ya sita: hapa pana mahudhurio ya kliniki ambayo wengi huyaacha, au huyafanya kwa ajili ya mtoto peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waonwe walau mara nne: ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mama aitumie nafasi hiyo kuuliza kwa ulimi wake: mshono umepona? Misuli ya tumbo imekaribiana? Nitokwapo na mkojo nifanye nini? Muuguzi hawezi kujibu asichoulizwa, na mambo haya hayaonekani kwa kumtazama mtu usoni.

Wiki ya sita hadi ya 12: yaongezwe mazoezi mepesi ya nguvu, kama kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa, kusukuma ukuta kwa viganja, na kulala chali magoti yamekunjwa kisha kuinua nyonga taratibu. Mwendo wa miguu uwe wa kasi kidogo, kiasi kwamba anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kusoma kaswida.

Baada ya wiki ya 12: ndipo kukimbia na kuruka kunapoweza kufikiriwa. Mwongozo ulioandikwa na wataalamu wa viungo nchini Uingereza mwaka 2019 umeweka kipindi cha miezi mitatu hadi sita kuwa ndicho cha mapema zaidi cha kuanza kukimbia, tena kwa sharti kwamba hakuna dalili mbaya. Kabla ya kuanza, mama ajipime: je, anatembea nusu saa bila maumivu, bila kuvuja wala kuhisi uzito chini? Anasimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10? Anakimbia palepale aliposimama kwa dakika moja, na kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande? Akishindwa mojawapo hajafeli mtihani. Amejua tu kwamba bado anahitaji wiki kadhaa za hatua iliyotangulia.

Dada yetu wa barua aliruka hatua nne akaingia ya tano.

Aliyejifungua kwa upasuaji

Wapo wanaodhani kwamba aliyefanyiwa upasuaji amepona haraka kwa kuwa hakusukuma. Huyu amekatwa tabaka baada ya tabaka, na ngozi iliyofunga juu haionyeshi hali ya tabaka zilizo chini. Hadi wiki ya sita, utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo huwa umerudisha takriban nusu tu ya nguvu yake, na huendelea kujijenga kwa miezi mingi. Kwa hiyo katika wiki sita za mwanzo asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga. Mtoto ana kilo tatu au nne. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Akitaka kuinuka kitandani ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mikono, asijinyanyue kwa tumbo. Naye pia akaze misuli ya chini ya nyonga, kwani mimba ileile imeilemea.

Mkaja na maji ya moto

Mabibi zetu walituachia mila ya kumhudumia mzazi: uji wa pilipili manga, kukandwa, kufungwa mkaja. Ndani yake mna huruma kubwa, na hatuandiki ili kuivunja. Tunaomba itengenezwe mahali panapodhuru.

Mkaja unaofungwa kwa wastani unaweza kumpa mama utulivu wa mgongo na tumbo. Lakini kitambaa hakiunganishi misuli; kinachoirudisha ni muda na mazoezi. Ukikazwa kupita kiasi, tumbo lililobanwa juu hutafuta njia chini, na mzigo wote huiangukia ile misuli tuliyoifananisha na kitanda cha kamba. Ukimnyima mama pumzi au ukimletea uzito chini, ulegezwe. Maji ya kukandia yasiwe ya kuunguza, tumbo lisikandamizwe kwa nguvu, na mshono wa upasuaji usikandwe kabisa.

Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kulala chali na kujinyanyua hadi kuketi, ambayo wasichana wengi huyakimbilia ili tumbo liingie. Ikiwa misuli ya tumbo bado imeachana, zoezi hilo huisukuma nje. Mama alale chali, akunje magoti, ainue kichwa kidogo na aguse kwa vidole juu ya kitovu. Akiona tumbo linachomoza katikati mfano wa paa la nyumba, au pengo linaingia vidole zaidi ya viwili, aliache zoezi hilo na amwone mtaalamu.

Sala, maziwa na mazoezi

Wapo waliotuuliza kama sala ni mazoezi. Sala ni ibada, na hatuisali kwa nia ya kukonda. Lakini rukuu, sijida na kuinuka ni harakati za mwili, na mwenye mshono mbichi huzihisi. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswayn, aliyekuwa na bawasiri, kusali kwa kukaa pindi asipoweza kusimama, na kwa ubavu pindi asipoweza kukaa. Bawasiri ni maradhi wanayoyafahamu vizuri wanawake wengi waliotoka kujifungua. Aliyetoharika huku mwili wake ukiwa haujaweza, asione haya kuitumia ruhusa hiyo.

Ama maziwa, hofu ya kwamba mazoezi huyakausha au huyaharibu haina msingi. Mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayadhuru ukuaji wa mtoto. Mama anyonyeshe kabla ya kuanza ili asilemewe na kifua, anywe maji, na ale chakula cha kutosha. Akihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio au kuchoka kusikoelezeka, apimwe damu. Aliyepungukiwa damu anahitaji tiba kabla ya mazoezi.

Dalili za kusimama

Mazoezi yasimamishwe na mama aende kituo cha afya akiona mojawapo ya haya: damu kurudi kwa wingi, homa au uchafu wenye harufu mbaya, mshono kuvimba au kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiwi, kuvuja mkojo au haja kubwa, au uzito ukeni usioisha. Damu nyingi, kifua, pumzi na kichwa havingoji asubuhi. Huzuni iliyozidi wiki mbili nayo ni ugonjwa wa kutibiwa, si upungufu wa imani; na akijiwa na fikra za kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo.

Kuhusu mkojo, ipo tofauti ambayo kila familia inapaswa kuijua. Unaotoka kidogo wakati wa kukohoa au kuruka, mara nyingi hutengenea kwa mazoezi ya misuli, ingawa wengi huhitaji hadi miezi mitatu ya kudumu nayo. Lakini unaotiririka mchana na usiku bila kukatika, hasa baada ya uchungu uliokwama, waweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haiponi kwa mazoezi, na dada zetu wengi wamejificha nayo kwa miaka. Inatibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa tiba hiyo bila malipo.

Walio karibu naye

Tumezungumza na mama muda wote huu, lakini ratiba yake haimo mikononi mwake peke yake. Mwanamke anayebeba maji na kuni siku ya 41 hakuchagua zoezi hilo, amekabidhiwa. Mume anayempenda mkewe aendelee kuchota maji baada ya arubaini, mpaka misuli iweze. Bi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiihudumia familia yake nyumbani, basi nani kati yetu ataona ndoo inamshushia heshima? Na ampokee mtoto kwa nusu saa mkewe akatembee. Bi Aisha huyohuyo amesimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), kwa hiyo mwanamke kuujenga mwili wake kwa stara si jambo geni katika dini.

Tunawaomba pia mashangazi, mawifi na majirani: mtu asimsalimie mzazi kwa kumuuliza tumbo lake litarudi lini. Maneno kama hayo ndiyo yaliyomkimbiza dada yetu kwenye kamba.

Katika kamati, suala hili halikupita bila mjadala. Mzee wetu mmoja alisema msikiti si uwanja wa mazoezi, na heshima yake ipo palepale. Tulikubaliana kwamba chumba cha madrasa ya akina mama, kilicho nje ya eneo la kusalia, kifunguliwe Jumamosi baada ya Alasiri kwa wanawake pekee. Kila mmoja huja na mkeka wake, muuguzi hukaa mlangoni na kuuliza kila mzazi ana wiki ngapi, na mwenye chini ya wiki 12 haruki.

Mwandishi wa barua hatumjui hadi leo, wala hatutafuti kumjua. Tunachojua ni kwamba karatasi nyingine ya daftari ilitufikia juzi, yenye hati ileile. Anasema bado hajapona kabisa, lakini amerudi kusali jamaa, na amewaambia shoga zake wawili ambao nao walikuwa wakinyamaza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape afya mama zetu, wake zetu na dada zetu, na atujaalie kuwa wepesi wa kuwabebea kabla hawajaomba. Amin.

Wabillahi tawfiq.